Kukwepa na kupisha

Vijana ninaokaa nao jioni hapa Gitaza wana mchezo wa kutupiana maswali. Wiki moja ni mpira, wiki nyingine ni mahari. Mwezi uliopita mmoja alikuwa ameona kwenye telefoni video ya meli ya Norway inayofundishwa kwenda bila nahodha, akauliza: "Dada, meli kama ile ikija huku usiku, na mimi niko katikati ya ziwa na mtumbwi wa baba, nani ampishe mwenzake?" Wakacheka. Mwingine akajibu kwamba meli ndiyo ipishe, maana yenyewe haina mama wa kuililia. Wakacheka tena, halafu kikao kikanyamaza.

Tangu siku ile nalifikiria swali hilo, na nimeona nilitumie kijarida chetu. Wengi wenu mnaokisoma mkiwa kambini mliyavuka maji haya usiku, bila taa, mkiomba msionekane na mkiomba muonekane, vyote kwa pamoja. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nitafika kwenu pia, subirini kidogo.

Kwa asiyepajua, Gitaza ni mahali ambapo mlima na ziwa vimebanana mpaka barabara ya RN3, ile inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, imebaki kama mkanda. Usiku usio na mbalamwezi ziwa linawaka. Ni timu za apollo: mitumbwi imefungwa pamoja, wavu mkubwa umeshushwa katikati, na taa zinawaita ndagala waje juu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi ni taa za betri. Mgeni akisimama barabarani anadhani kuna mji mwingine pale majini. Katikati ya huo mji wa taa zinapita boti za moteri zenye abiria na magunia, na nyingine hazina taa hata moja, kwa sababu zao wanazozijua wenyewe. Hakuna barabara, hakuna askari wa usalama barabarani. Watu wanapishana kwa tochi, kwa kupiga mluzi, na kwa matusi.

Baharini swali la kijana wangu lina majibu ya maandishi. Kuna mkataba wa 1972, ulioanza kutumika 1977, wa kanuni za kuzuia vyombo kugongana. Nimezisoma kwa Kifaransa, kamusi pembeni, na nilishangaa jinsi zilivyo na adabu. Vyombo viwili vya injini vikija uso kwa uso, kila kimoja kigeuke kulia. Njia zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye apishe. Anayetaka kumpita mwenzake kutoka nyuma ajihangaikie mwenyewe. Mwenye injini ampishe mwenye tanga, na wote wawili wampishe anayevua, kwa sababu mwenye wavu majini hana pa kukimbilia. Na anayepisha apishe mapema, tena ageuke kwa uwazi mpaka mwenzake aone kabisa kwamba amepishwa. Kugeukageuka kidogo kidogo hakutakiwi, maana kunamwacha mwenzako anabahatisha.

Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba anayepishwa naye ana kazi. Hapaswi kukaa tu akisubiri heshima. Anatakiwa ashike njia yake na mwendo wake bila kuyumba, ili yule mwingine ajue pa kupita. Akiona mwenzake hafanyi kitu, apige honi fupi tano za haraka, maana yake: sikuelewi. Na ikifika mahali ambapo kupisha kwa mmoja hakutoshi tena, lazima naye afanye lolote la kuzuia kugongana. Mtu hawezi kuzama huku anasema "lakini haki ilikuwa yangu". Kanuni ya pili inasema wazi kwamba kufuata kanuni hakukuondolei lawama kama umeacha tahadhari ambayo baharia yeyote mwenye akili angeichukua.

Jinsi ya kujua kama mtagongana nayo imeandikwa, na wavuvi wetu wanaijua bila kusoma. Ukiona taa ya mwenzako inasogea mbele au nyuma ya boti yako, mtapishana. Ukiona imeganda palepale huku inakua, fanya kitu sasa hivi. Na ukiwa na shaka, hesabu kwamba hatari ipo.

Sasa tafuta humo mtumbwi wa kasia. Mimi niliutafuta. Kijana akiwa na wavu majini, yeye ni "chombo kinachovua" na meli inapaswa kumpisha. Akishapandisha wavu na kupiga kasia kurudi nyumbani, anatoka kwenye ile orodha ya nani ampishe nani. Hatajwi kabisa. Anakuja kutajwa kwenye kanuni za taa: anayekwenda kwa kasia, kama hana taa za kawaida, awe na tochi au kandili yenye mwanga mweupe, aionyeshe mapema ili asigongwe. Basi. Vingine vyote vimeachwa kwa akili na utu wa yule anayeiona ile tochi.

Kuna jambo lingine lililonichekesha kwa uchungu. Kanuni ya kwanza inasema kanuni hizi ni za bahari kuu na maji yote yaliyoungana nayo ambamo meli za baharini zinaweza kupita. Tanganyika linatoa maji yake kwa mto Lukuga kwenda mto Kongo, lakini hakuna meli ya baharini inayoweza kupanda huko mpaka kwetu. Kwa hiyo ule mkataba, kwa nguvu zake wenyewe, unaishia mbali sana na Gitaza. Ziwa hili lina nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na kila nchi ina sheria na ofisi zake. Mvuvi anayesukumwa na upepo wa kusini hajui saa ngapi amevuka mpaka.

Turudi kwenye meli ya video. Inaitwa Yara Birkeland. Ni ya kampuni ileile ya mbolea ambayo mifuko yake mnaiona madukani Tanzania. Ina urefu wa mita 80, inatumia umeme, na ilianza kazi 2022, ikiwa bado na mabaharia ndani katika kipindi cha majaribio, lengo likiwa siku moja waondoke. Mwaka huohuo Wajapani waliipeleka meli ya makontena iitwayo Suzaku kutoka ghuba ya Tokyo hadi ghuba ya Ise na kuirudisha, safari ya kilomita 790 hivi, sehemu kubwa ikijiendesha yenyewe katikati ya msongamano wa meli. Na boti moja ya utafiti, Mayflower, ilivuka Atlantiki bila mtu ndani: iliharibika njiani, ikapelekwa visiwa vya Azores kutengenezwa, ikaishia Halifax huko Kanada badala ya Marekani ilikokuwa inakwenda. Kwa hiyo mambo haya yapo kweli, ingawa bado yanakohoa.

Meli hizo zinaona kwa rada, kwa kamera, na kwa kusikiliza ishara ambazo meli kubwa zinatuma zikisema jina langu ni hili, niko hapa, naenda kule. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi zinalazimika kutuma ishara hizo. Mtumbwi wa mbao hautumi kitu, na kwenye rada mbao hurudisha mwangwi dhaifu. Kamera ndiyo inabaki, na kamera ni lazima iwe imefundishwa kwamba kitu kile cheusi chenye vichwa sita ni watu. Mkataba wa 1972 unasema kila chombo wakati wote kiangalie kwa macho na kusikiliza kwa masikio. Haukuandika "mtu", lakini wakati ule nani angefikiria macho yasiyo ya mtu? Hapo ndipo wanasheria wanabishana leo.

Sitaki mniweke kwenye kundi la wanaoogopa kila mashine. Macho ya watu nayo yana historia yake. Juni 2017, karibu na Japani, manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana usiku na meli ya makontena ACX Crystal. Manowari ile ilikuwa na rada, ilikuwa na vijana wengi zamu ya usiku, na ile meli ilikuwa inakuja kwa upande wake wa kulia. Yaani kwa kanuni ile niliyowaambia juu, manowari ndiyo ilitakiwa kupisha. Haikupisha. Mabaharia 7 walikufa, wengi wao wamelala chini. Miezi miwili baadaye manowari nyingine, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10. Jeshi tajiri kuliko yote duniani, watu wamejaa ndani, na bado. Mashine haichoki, hainywi, haibishani na mke wake kwenye simu saa nane za usiku. Ukiniambia kwamba kwenye hesabu ya mwaka mzima mashine itagonga mitumbwi michache kuliko binadamu, naweza kukuamini.

(Na tusidanganyane upande mwingine pia. Ujuzi wa kujua chombo kingine kiko wapi ili usikiguse ndio huohuo wa kukifuata ukigonge. Juni 2024 kwenye Bahari ya Shamu, boti isiyo na mtu, imejaa milipuko, iliigonga meli ya mizigo iitwayo Tutor. Baharia mmoja alikufa na meli ikazama.)

Kinachonisumbua hakimo kwenye hesabu. Kimo kwenye maneno mawili ambayo Kiswahili kinayatenganisha vizuri. Nakwepa jiwe. Nakwepa shimo. Namkwepa anayenidai. Lakini nampisha mtu. Siwezi kulipisha shimo. Gari naweza kulipisha, ila ni kwa sababu ndani kuna mtu anayekwenda mahali, na mimi nikisogea nimesema: nawe una safari. Kupisha ni kukubali kwamba safari ya mwenzako ni safari kama yangu. Kukwepa hakukubali kitu chochote, kunataka tu kisiniguse.

Mashine inakwepa. Inaweza kukwepa vizuri sana, kwa digrii sahihi, kwa kufuata kanuni zote 41, na bado kwake mimi na gogo linaloelea ni kitu kimoja chenye umbali tofauti. Na upande wa pili ni hivyohivyo: mimi nikisogeza mtumbwi wangu meli tupu ipite, nimempisha nani? Nimepisha mifuko ya mbolea. Nimempisha mtu aliyeko ofisini Ulaya ambaye hajui kama nilisogea. Yule kijana aliyesema meli haina mama wa kuililia alikuwa anatania, lakini alikuwa ameshika kamba yenyewe.

Niliyapeleka maneno haya kwa mzee mmoja anayeshona nyavu chini ya mwembe karibu na tunapokutania. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema: "Binti yangu, mimi nimeshapishwa na manahodha walioniona vizuri, wakanipungia na mkono, na mawimbi yao yakanijazia maji mpaka magoti. Na nimeshakwepwa na wasiojua hata kama niko. Nikifika nyumbani watoto hawaulizagi kama nilipishwa ama nilikwepwa. Wanaulizaga ndagala wako wapi."

Mzee ana haki yake, na sitamjibu kwa falsafa. Kwa usiku wa kawaida, mtu anayerudi na samaki wake, kukwepwa kunatosha. Heshima ambayo haikuzuii kuzama ni heshima ya bure. Kama mashine inampa umbali ambao nahodha mlevi hampi, karibu mashine. Nimekaa na jibu lake siku nyingi nikitafuta mahali ambapo halitoshi, na nilipapata kwenye maji haya haya, ila kusini zaidi.

Mei 2015 nilikuwa na miaka 15. Wengi wenu mlikuwepo, mnaweza kunisahihisha. Kagunga ni kijiji cha wavuvi cha Tanzania, mlima nyuma na ziwa mbele, kama Gitaza tu, na makumi ya maelfu ya watu tulikuwa tumebanana kwenye mchanga ule, na kipindupindu kikawa kimeingia. Njia ya kutoka ilikuwa maji. Aliyekuja kutuchukua alikuwa Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozinduliwa Kigoma 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa na Waingereza, na ambayo 1997 ilikuwa imeshabeba wakimbizi wa Kongo kuwarudisha kwao. Liemba haikuweza kufika ufukweni kwa sababu hapakuwa na gati. Ilisimama kule kwenye kina, na boti ndogo za wavuvi ndizo zilizotupeleka hadi ubavuni mwake, watu 600 kila safari.

Fikiria picha hiyo kwa macho ya mashine ya kuzuia kugongana. Meli kubwa, na kuizunguka boti nyingi za mbao zilizojaa kupita kiasi, hazina taa, hazina ishara, hazishiki njia moja, zinagongana zenyewe kwa zenyewe, na zote zinakuja moja kwa moja. Kila kipimo kinasema hatari. Kila kipimo kinasema ondoka. Na kama kazi yako ni kukwepa, utaondoka, na utakuwa umefanya kazi yako bila kosa. Nilichokiona mimi ni baharia ameinama kwenye ukingo, sauti imeshamkauka, anaelekeza boti moja isubiri na nyingine ije, anavuta watoto kwa mkono mmoja. Alikuwa anavunja umbali wote ambao kanuni zimeundwa kuulinda. Aliziacha zitugonge, pole pole, kwa sababu tulikuwa tunataka kufika pale.

Siku ile tusingetaka kupewa umbali. Umbali ndio uliokuwa unatuua.

Bahari ina sheria kwa ajili ya siku kama hiyo. Nahodha akipata habari kwamba kuna watu hatarini majini, analazimika kwenda kuwasaidia kama anaweza bila kuhatarisha sana meli yake na watu wake. Ni sheria ya zamani na imeandikwa kwenye mikataba zaidi ya mmoja. Agosti 2001 meli ya mizigo ya Norway, Tampa, ilibadili njia kwenye Bahari ya Hindi ikaokoa watu 438 kutoka boti ya mbao iliyokuwa inakufa, wengi wao Waafghanistani wanaotafuta hifadhi. Meli ilikuwa na mabaharia 27 tu. Australia ilikataa washushwe kwake. Nahodha Arne Rinnan hakukubali kuwarudisha majini wala kujifanya hawapo, na mwaka uliofuata yeye, mabaharia wake na kampuni yao walipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Najiuliza Tampa ingekuwa tupu ingefanya nini. Nani angeshusha ngazi? Nani angekuwa shahidi?

Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limekuwa likiandika kanuni za meli hizi mpya, kwanza ziwe za hiari, na mpango ni kwamba zije kuwa za lazima 2032. Jambo moja wamekubaliana ambalo naliunga mkono kwa mikono miwili: hata meli ikijiendesha namna gani, lazima awepo nahodha binadamu anayewajibika nayo. Ila si lazima awe ndani. Anaweza kuwa kwenye chumba nchi kavu, mbele ya skrini.

Na hapa ndugu zangu wa mashirika ndipo mnapoingia, kwa sababu chumba hicho tunakijua. Sisi tumeishi miaka mingi tukiendeshwa kutoka kwenye chumba hicho. Kuna mama mmoja ninayemfahamu, siku ya mgao aliweka kidole kwenye mashine, mashine ikasema hayupo. Yeye yuko pale, amesimama, na mtoto mgongoni. Kijana wa mezani alimwona. Alimhurumia, nilimwona usoni. Lakini hakuwa na kitufe cha kubonyeza. Akamwandikia namba ya kupiga simu, na simu ilipokelewa na sauti iliyorekodiwa. Mama yule aliambiwa na kila mtu kwamba tatizo lake limeonekana.

Kisa hicho kilinibadilishia swali. Nilikuwa nasema: shida ni kwamba ndani ya meli hakuna mtu. Lakini pale mezani mtu alikuwepo. Kwa hiyo mtu ndani hatoshi kama hana ruhusa ya kusimamisha chombo, na mtu wa mbali anaweza kutosha kama anakuona kweli, sauti yako inamfikia, na mkono wake unafika kwenye breki bila kuomba kibali ngazi tano. Mnaopanga mifumo yetu mnapenda kutuhakikishia kwamba "kuna binadamu anayesimamia". Sisi tunauliza: binadamu huyo anaruhusiwa kufanya nini saa nane ya usiku?

Vijana wangu waliniletea pingamizi kali kuliko zote, na ni la ziwa letu hasa. Wakasema: dada, manahodha wa huku hawasimami hata wakikuona. Na ni kweli. Kuna wezi wenye bunduki majini, wanachukua moteri na nyavu, wanaweza kukuacha unaelea. Tochi inayopungwa usiku inaweza kuwa mtu anayezama, inaweza kuwa mtego. Nahodha mwenye abiria 80 akizidisha moto na kukimbia, siwezi kumhukumu kirahisi. Ana watu wa kulinda. Sheria yenyewe inamruhusu apime hatari kwa walio ndani.

Lakini hebu tazama pingamizi hilo linampeleka nani wapi. Nahodha anakimbia kwa sababu ana roho ndani ya boti. Meli tupu ina roho ya nani? Hakuna wa kutekwa, hakuna wa kupigwa risasi, hakuna mama wa kumlilia. Udhuru ule mmoja wa haki ambao binadamu alikuwa nao wa kutosimama umeondoka pamoja na mabaharia. Wenye meli hizi wanasema kuondoa watu kunapunguza hatari, na mimi nawakubalia. Basi hatari iliyopungua iwe na faida kwa yule aliye majini pia. Meli isiyo na mtu ndiyo yenye sababu chache kuliko zote za kukwepa mtumbwi unaopunga tochi. Ikimpita, haitakuwa imelinda uhai wowote. Itakuwa imelinda mbolea.

Kwa hiyo kama wanaoandika kanuni wangeuliza watu wa Gitaza, na najua hawatauliza, mimi ningewaambia hivi. Mashine ijifunze mtumbwi wa mbao kabla ya kujifunza kontena, na ijifunze tochi, kwa sababu tochi ndiyo kitu pekee ambacho sheria imempa mwenye kasia. Ikikutana na tochi inayopungwa isiishie kugeuka kulia. Ipunguze mwendo, imwamshe mtu. Mtu huyo awe na kipaza sauti na masikio, ajue Kiswahili au Kirundi, si kengele tu. Ubavuni pawe na wavu au ngazi inayoweza kushushwa bila mkono wa baharia, na pa kushika kwa aliye majini. Na mwenye meli asiweze kusema mbele ya hakimu "programu haikumtambua" kama vile programu ni mvua.

Mzee wa nyavu nilimsomea orodha hiyo. Kuhusu tochi alikubali mara moja. Kuhusu kusimama alitikisa kichwa: "Ikisimama, wataipora. Wakiipora mara mbili, hakuna atakayeileta tena, na bei ya sukari inapanda hapa kwetu." Nikamwambia wacha waipore, sukari hainyimwi pumzi. Akaniuliza kama ningesema hivyo mzigo ungekuwa wangu, nimekopa kuununua. Nikasema ndiyo. Akasema nitabadilika siku nitakapokuwa na duka, akarudi kwenye wavu wake.